Usiishie kwa King: namna ya kutembelea makumbusho ya haki za kiraia kusini mwa Marekani

Wageni wangu wakifika hapa Georgia ombi lao huwa moja: tupeleke kwa Martin Luther King. Nawapeleka Atlanta, wanapiga picha kaburini, wanaridhika. Kesho yake nawapakia kwenye gari, mwendo wa saa nne hivi kuelekea pwani, hadi Savannah. Wananung'unika njia nzima. Nawaambia wavumilie, maana nataka wakutane na tarishi.

Makumbusho mengi ya aina hii huku kusini hayakuanza na serikali wala wasomi. Yalianza na watu waliokuwemo kwenye maandamano, wakazeeka, wakaona majengo yao yanaelekea kubomolewa. Ziara nzuri ni ile ya kuwatafuta hao.

Kwa hiyo ukifika, soma jina la mlangoni, kisha uliza ni nani aliyeliweka. Jumba la Savannah linaitwa Ralph Mark Gilbert. Huyo alikuwa mchungaji aliyeifufua NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi, ya mji ule mwaka 1942, akahimiza watu wajiandikishe kupiga kura, na mwaka 1947 mji ukaajiri polisi Weusi tisa. Lakini jumba limefunguliwa 1996, na aliyelihangaikia ni mtu mwingine: W. W. Law, mgawa barua wa posta. Siku za kazi alipita na mkoba wake mtaa kwa mtaa, Jumapili aliongoza mikutano ya harakati makanisani. Aliongoza NAACP ya Savannah kuanzia 1950 hadi 1976. Mwaka 1961 posta ilimfukuza kwa sababu ya harakati hizo, kelele zikafika Washington, akarudishwa kazini. Angeweza kabisa kuliita jumba kwa jina lake. Akaliita kwa jina la aliyemtangulia. Mgeni asiyeuliza swali hilo dogo hutoka humo bila kumjua Law alikuwa nani.

Kabla ya kuingia, simama nje ulitazame jengo lenyewe. Hili lilijengwa 1914 kwa ajili ya benki ya Weusi, wakati ambapo mtaa huo, uliokuwa ukiitwa West Broad, ulijaa maduka na ofisi zao. Geuza shingo utaona barabara kuu ya juu inayoshuka mjini. Miaka ya 1960 waliivunja stesheni ya treni kuipisha, na biashara nyingi za mtaa zikafa. Leo mtaa unaitwa Martin Luther King Jr. Boulevard. (Miji ya Marekani ina tabia hiyo: mtaa ukishachoka ndipo unapewa jina la King.)

Ndani, usikimbie ghorofa zote. Kaa kwenye sehemu moja. Mimi huwaweka wageni mbele ya mfano wa Azalea Room, mgahawa wa duka la Levy's. Tarehe 16 Machi 1960 vijana watatu, Carolyn Quilloin, Joan Tyson na Ernest Robinson, waliketi pale wakaomba kuhudumiwa, wakakamatwa. Weusi wa Savannah wakasusia maduka ya katikati ya mji hadi mwaka uliofuata. Viti vyenyewe ni vya kawaida tu, na ndiyo maana nataka watu wavitazame kwa muda: mtu alikwenda jela kwa kukalia kiti cha namna hii. Ukitoka, tembea kwa miguu hadi Broughton Street. Jengo la Levy's bado lipo, sasa ni maktaba ya chuo cha sanaa, na wanafunzi wanaingia na kahawa zao mkononi.

Sasa wazee. Makumbusho madogo mara nyingi huwa na mzee wa kujitolea karibu na mlango. Huyo ndiye hazina, na wengi wetu humpita kama tunavyompita mlinzi wa benki. Huku kusini salamu ina uzito kama kwetu, basi msalimie vizuri, jitambulishe, sema umetoka wapi. Usiulize "Je, ulimwona King?" Ameulizwa hilo mpaka amechoka, na atakupa jibu lililokaririwa. Uliza vitu vya nyumbani: mlikuwa mkikaa mtaa gani, mama alisemaje ulipotaka kuandamana, nani aliwapikia waliotoka jela. Halafu nyamaza. Akinyamaza na yeye, usiharakishe kuziba nafasi hiyo. Simu isitoke mfukoni mpaka umeomba ruhusa. Na tafadhali, usidakie hadithi yake kumweleza habari za wakoloni wa kwetu, subiri akuulize. Atakuuliza.

Watafute pia waliopingana. Hapa vipeperushi havikusaidii, kwa kuwa kila kipeperushi hupenda mshikamano. Katika Savannah hiyohiyo alikuwepo Hosea Williams, mkemia wa wizara ya kilimo na msaidizi wa Law. Mwaka 1963 aliongoza maandamano ya usiku ambayo Law hakuyataka, akawekwa ndani siku 65, wakaachana njia. Williams akaenda kufanya kazi na King, na tarehe 7 Machi 1965 ndiye aliyetembea mstari wa mbele pamoja na mwanaharakati John Lewis kwenye daraja la Selma, Alabama, pale polisi walipowashukia watu kwa virungu. Law alibaki na mji wake. Mmoja yuko kwenye picha zinazojulikana dunia nzima, mwingine alituachia makumbusho. Uliza wazee wa Savannah nani alikuwa sahihi, kisha vuta kiti.

Huko Memphis, Tennessee, mpinzani yuko nje kabisa. Lorraine Motel, mahali King alipouawa tarehe 4 Aprili 1968 na ambapo leo ni makumbusho, ilikuwa mali ya Walter Bailey na mkewe Loree. Mama huyo alipatwa na kiharusi siku ileile ya mauaji, akafariki siku King alipozikwa. Mumewe akakiacha chumba cha King, namba 306, kama kilivyokuwa. Biashara ilipoanguka, kundi lililoongozwa na mwanasheria D'Army Bailey, ambaye si ndugu yake, lililinunua jengo mnadani mwaka 1982 kwa dola 144,000. Mpangaji wa mwisho, Jacqueline Smith, alitolewa kwa nguvu 1988. Akaweka meza ng'ambo ya barabara, akapinga kwa miongo, akisema King angetaka fedha hizo ziwajengee maskini nyumba. Nionavyo, anayeingia ndani bila kufikiria hoja ya mama huyo ameiona nusu ya makumbusho, hata kama mwishowe hakubaliani naye. Mimi sikubaliani naye, lakini si sana.

Ukiwa na siku moja ya ziada, nenda Selma kwenye National Voting Rights Museum. Miongoni mwa waanzilishi alikuwa Marie Foster, aliyefanya kazi kwenye kliniki ya meno na kufundisha watu kujaza fomu za kujiandikisha kupiga kura. Kuna ukuta uliobandikwa vikaratasi walivyoandika waliokuwepo darajani. Soma mwandiko kabla ya maneno. Mingine ni ya watu ambao kalamu haikuwa rafiki yao.

Mambo ya safari ni machache. Makumbusho madogo hayafunguliwi kila siku, kwa hiyo piga simu kwanza. Beba fedha taslimu za kisanduku cha michango. Nunua kijitabu kilichochapwa hapohapo, maana aghalabu hukipati kwingine. Na wiki moja kabla ya kuondoka, sikiliza mahojiano ya Civil Rights History Project, ambayo Library of Congress, maktaba ya Bunge la Marekani, imeyaweka bure mtandaoni. Chagua mtu usiyemjua jina.