Ofisi imefungwa, kazi inaendelea: jinsi ya kuwasaidia wafanyakazi walio majumbani

Machi 16, 2020, ilipotangazwa kwamba Tanzania ina mgonjwa wa kwanza wa Korona, mgonjwa mwenyewe alikuwa hapahapa Arusha. Kesho yake shule zikaamriwa kufungwa. Sisi tulikuwa watu tisa kwenye kampuni ndogo ya utalii pale Njiro, na kabla ya wiki kwisha kila mmoja alikuwa kwake: Sakina, Tengeru, Ngaramtoni, wawili wamepanda kwao Machame. Aprili ndege za abiria za kimataifa zikasitishwa hadi Mei 18. Kuna wanaodhani watu wa utalii tulilala kipindi kile. Thubutu! Wageni wa Julai walitaka kusogezewa tarehe, mawakala wa Ulaya walitaka kujua pesa zao ziko wapi, na loji nazo zilitaka majibu.

Dada wetu wa bukingi alikuwa mmoja wa wale wa Machame. Ilikuwa masika, mti ukaangukia waya, umeme ukapotea siku mbili. Simu ikazima, laptopu ikazima, na bukingi zote zilikuwa ndani ya laptopu hiyo. Wakala mmoja alisubiri jibu siku tatu, kisha akahamishia kundi lake la watu kumi na wanne kwingine. Dada wa watu hakuwa na kosa. Sisi ndio tuliomwacha apande mlima na kampuni nzima kwenye mkoba mmoja. Tangu hapo nimesaidia ofisi kadhaa ndogo za Arusha na Moshi kujipanga, na hatua ninazofuata ni hizi.

Hatua ya 1: Uliza maswali yenye majibu

Ukimuuliza mfanyakazi "Una intaneti nyumbani?" atakujibu "Ndiyo bosi", hata kama anaishika akisimama juu ya tofali. Mpigie kila mtu peke yake, uwe na daftari mkononi. Pale unapokaa kufanya kazi, mtandao gani unashika vizuri? Umeme ukikatika kwenu, kwa kawaida unarudi baada ya muda gani? Mita ya LUKU ni yako au mnachangia na wapangaji wengine? Mchana nyumbani kuna nani: mtoto mdogo, mgonjwa, wageni?

Swali la mita wengi hulisahau, na ndilo lililonifundisha zaidi. Wapangaji sita wakichangia mita moja, umeme unaweza kuisha saa tano asubuhi kwa sababu jirani hajatoa mchango wake. Hapo shirika la umeme halihusiki kabisa.

Waliopanda Machame, Kibosho au Marangu waambie wapime mtandao wakiwa palepale watakapoweka meza. Kwenye migomba na mabonde, hatua ishirini zinaweza kukutoa kwenye mtandao mzuri hadi kwenye mshale unaozunguka tu.

Hatua ya 2: Umeme kabla ya programu

Usinunue programu yoyote kabla hujamaliza hatua hii. Anza na betri za laptopu. Laptopu ambayo betri yake imekufa ni kompyuta ya mezani iliyojificha. Badilisha betri au mpe mtu mashine nyingine.

Kisha piga hesabu. Ruta nyingi za nyumbani hutumia volti 12 na ampia 1, yaani wati 12. Betri ndogo ya asidi ya volti 12 na ampia-saa 9 ina wati-saa 108, lakini usiimalize zaidi ya nusu kama unataka idumu. Nusu hiyo ni wati-saa 54, kwa hiyo ruta itawaka saa nne na kidogo. Laptopu ni mlafi zaidi, na ukiiunganisha kupitia inveta, inveta nayo inakula chake. Ndiyo maana kwa ofisi ndogo napendekeza betri ndogo kwa ajili ya ruta, pawabenki kwa ajili ya simu, na sheria moja: umeme ukiwepo, kila kitu kiko kwenye chaji, hata kama kinasoma asilimia tisini.

LUKU inunuliwe na kampuni. Chukua namba ya mita ya kila mtu, nunua, mtumie zile tarakimu 20 kwa meseji. Kwa anayechangia mita, mpe mchango wake taslimu. Mimi niliwahi kuwajazia wapangaji wa Sanawari nyumba nzima, wakapika kwa jiko la umeme wiki mbili.

Hatua ya 3: Bando

Mnunulie mtu bando moja kwa moja kwenye namba yake. Usimwambie atumie lake na alete risiti mwisho wa mwezi. Mtu ambaye hana uhakika wa mshahara hatatanguliza pesa yake. Awe na laini mbili za mitandao tofauti. Mikutano iwe ya sauti tu, maana video inaweza kula gigabaiti nzima kwa saa, na sura zenu mnazijua.

Hatua ya 4: Pacha na makabidhiano

Ukibanwa na muda, fanya hatua hii hata kama nyingine zote utaziruka.

Kila kazi iwe na watu wawili: mwenyewe na pacha wake. Pacha hafanyi kazi hiyo kila siku, ila anajua imefika wapi. Kila saa kumi jioni, mwenye kazi anaandika mistari michache kwa kila jambo lililo wazi: mgeni gani na wa tarehe gani, tumefikia wapi, kimelipwa kiasi gani na kimebaki kiasi gani, tunamsubiri nani, na kesho kifanyike nini. Inaingia kwenye jedwali la pamoja mtandaoni, na pacha anainakili kwenye daftari la karatasi. Karatasi inaleta kicheko mpaka siku skrini zote zikiwa nyeusi.

Usikubali maneno kama "nafuatilia". Unamfuatilia nani, kwa namba ipi, alisema atajibu lini? Mistari ikisomwa na mtu asiyeijua bukingi hiyo na akaweza kumpigia mgeni bila aibu, imeandikwa vizuri.

Sasa ijaribu. Sisi tunaita "Jumatano ya kimya". Asubuhi unachagua mtu mmoja, anazima simu kuanzia saa tatu hadi saa saba, na pacha anashika kazi yake. Mara ya kwanza tulikwama ndani ya robo saa: pacha hakuwa na nywila ya barua pepe, na aliyekuwa nayo alikuwa ndiye aliyezima simu. Tuliunda anwani moja ya bukingi inayofunguliwa na watu watatu, na nywila nyingine zikaingia kwenye bahasha iliyofungwa kwa gundi, kabatini kwa meneja. Hazipiti kamwe kwenye kikundi cha WhatsApp.

Tulipokuwa tunahamisha kazi ndipo tukagundua picha za pasipoti za wageni zimejaa kwenye simu ambazo watoto wanachezea gemu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika Mei 1, 2023, na nyumbani kwa mfanyakazi nako inakufikia. Pasipoti zikae sehemu moja yenye nywila, na kwenye simu zifutwe.

Hatua ya 5: Siku intaneti isipokuwepo kabisa

Mei 12, 2024, kebo za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, na Tanzania ikawa kati ya nchi zilizoumia. Bando lilikuwepo, mtandao hakuna. Waliokuwa na namba za watu ndani ya WhatsApp pekee walijuta.

Chapisha karatasi moja ya namba za madereva, loji, mawakala na wafanyakazi wote, kila mtu awe na nakala. Kubalianeni ngazi: WhatsApp ikigoma, meseji ya kawaida, meseji ikigoma, piga, simu ikigoma, aliye karibu aende. Saa nne asubuhi na saa tisa alasiri kila mtu anatuma neno moja, "nipo". Dereva aliye porini anafikiwa kwa redio kol ya gari lake. Malipo madogo yafanyeni kwa menyu ya simu kama *150*00#, maana hiyo haihitaji intaneti.

Hatua ya 6: Mtu mwenyewe

Simu ya asubuhi ianze na "Mmeamkaje huko?" na usubiri jibu. Ndipo utasikia mama amelazwa, au kuna msiba, na utajua leo pacha ndiye atakayeshika kazi. Kuwa nyumbani hakumfanyi mtu awe kazini saa zote; ukomo wa kawaida kisheria ni saa 45 kwa wiki.

Pesa ikipungua, sema mapema. Mshahara haupunguzwi kwa tangazo la kikundi. Ongea na kila mmoja, mkubaliane kwa maandishi, na kile kidogo mlichokubaliana kilipwe tarehe ileile mliyosema.

Hatua ya 7: Ofisi ikifunguliwa

Betri na laini za pili waachie. Jumatano ya kimya iendelee, hata mara moja kwa mwezi. Sisi mwaka 2020, wageni walipoanza kurudi, tulikusanya betri zote tukazirundika stoo kwenye sakafu ya simenti bila kuzichaji. Gridi ya taifa ilipopata hitilafu Aprili 1, 2024, nilizitoa zote. Iliyoshika chaji ilikuwa moja.