Kabla Hujafuta Jeli: Ninavyoitunza Picha ya Kibofu kwa Utafiti na kwa Wanafunzi

Mtoto wa darasa la nne alilala kitandani kwangu, kibofu kimejaa vizuri, na kwenye ukuta wa upande wa kulia pametokeza kinundu kadiri ya punje ya kunde. Niligandisha picha ya altrasaundi, nikapima, nikahifadhi, nikaandika cheti. Mtoto akaenda zake kwa daktari, akapewa prazikwanteli, dawa ya kichocho. Miezi mitatu baadaye nikawaonesha picha hiyo wanafunzi waliovuka kutoka Unguja kuja kwenye mafunzo ya vitendo. Mmoja akauliza, "Bi, umejuaje kama hili si bonge la damu?"

Nikafungua kinywa, nikakifunga. Kujua nilikuwa najua: siku ile nilimlaza mtoto ubavu na kinundu hakikusogea. Bonge la damu hushuka na kwenda kulala chini, kinundu cha ukutani hubaki palepale. Lakini ushahidi wa kumgeuza sikuuhifadhi. Nilikuwa na picha moja tu, chali, na kila kilichobaki kimo kichwani mwangu.

Ndiyo sababu nawaandikia nyinyi mnaopiga altrasaundi kwenye hospitali na vituo vya visiwani na mnaotamani picha zenu ziwafae watu wengine baada ya mgonjwa. Karibu kazi yote hufanyika mgonjwa akiwa bado amelala. Akishafunga khanga yake na kutoka, kilichosahauliwa ndiyo basi. Mfano wangu ni kichocho cha mkojo kwa kuwa ndicho tunachoishi nacho Pemba, na mabonde yetu ya mpunga na vijito vyenye konokono wa Bulinus wanaobeba minyoo yake. Anayefanya kazi ya mimba au ya ini atabadilisha kiungo tu.

Tuanze na maji, maana hapo ndipo wengi hukosea. Kibofu kitupu hujikunja na ukuta wake huonekana mnene hata kwa mtu asiye na ugonjwa. Watoto nao, wakisikia wanaitwa hospitali, cha kwanza ni kukimbilia chooni. Mimi humpa mtoto maji kama nusu lita, nikamwacha acheze nje ya dirisha, nikamwita baada ya saa moja hivi. Akija anabana miguu, ameiva. Ila kuna mtego wa upande wa pili. Kibofu kikijaa kupita kiasi, mkojo hukosa pa kwenda na figo huanza kutanuka kana kwamba mrija umeziba. Niliwahi kumwandikia mtoto figo zote mbili zimevimba, mama yake akaanza kulia palepale. Mzee mmoja wa kazi hii, Mungu amrehemu, akasema kwa upole, "Mwanangu, mwache kwanza akakojoe." Akakojoa, nikapiga tena: figo safi. Kwa hiyo ukiona figo imetanuka, mpeleke chooni, mrudishe, upige tena, na uhifadhi picha zote mbili pamoja na saa ya kila moja. Mbili zile zikikaa pamoja huwa somo zima. Ukihifadhi ile ya kwanza peke yake, umeacha uongo kwenye faili.

Kisha picha zenyewe. Kibofu nakipiga kwa kukikata mapana na kukikata marefu, figo zote mbili kwa urefu, na mirija ya mkojo pale inapoonekana nyuma ya kibofu. Kila mkato nauhifadhi mara mbili: kwanza ukiwa mtupu, halafu ukiwa na alama za kupimia. Wengi huhifadhi wenye alama tu, wakidhani ndio uliokamilika. Ukimwonesha mwanafunzi picha yenye misalaba miwili juu ya kinundu, umeshamnong'oneza jibu. Hali kadhalika msomaji wa pili wa utafiti: jicho lake litakwenda palepale ulipoweka alama, halafu mtasema mmekubaliana. Ukuta uliozidi milimita 5 kwenye kibofu kilichojaa sawasawa ndio tunaouita mnene. Kipimo hicho sikukitunga mimi. Wataalamu walikutana Niamey, Niger, mwaka 1996 wakaweka mwongozo wa kusoma altrasaundi ya kichocho, na Shirika la Afya Duniani likautoa mwaka 2000, ili picha ya Pemba na ya Misri zipimwe kwa fimbo moja. Usijitungie vipimo vyako. Hata kama ni vizuri, havitalinganishwa na vya mtu mwingine yeyote.

Baada ya hapo video fupi, sekunde kumi zinatosha: mtoto chali, halafu anageukia ubavu wa kushoto, probu, kile kishikio cha mashine tunachopitisha mwilini, haijaondoka tumboni. Laiti ningekuwa nayo siku ile!

Kina cha picha, frikwensi na mwangaza viandike au hakikisha vinaonekana pembeni mwa kioo. Wapigaji wawili wakitumia mwangaza tofauti, ukuta uleule utaonekana mlaini kwa mmoja na wenye mikwaruzo kwa mwingine. Hili sitalirefusha, kila mashine ina vifungo vyake.

Picha za watu wasio na ugonjwa nazo zihifadhi. Hapa ndipo ninapogombana na wenzangu, kwa sababu kila mtu ana mkusanyiko wa maajabu: uvimbe mkubwa, jiwe kama yai la kuku, figo iliyobaki mfuko wa maji. Mwanafunzi akilishwa maajabu matupu, akianza kazi ataona ugonjwa kwenye kila tumbo. Nikiandaa picha kumi za kufundishia, sita huwa za kibofu kizima. Utafiti ndio kabisa: bila wasio na ugonjwa huwezi kujua unachokiita ugonjwa kinapatikana kwa wazima kiasi gani.

Sasa jina. Nitasema kosa langu. Nilipiga picha kioo cha mashine kwa simu, nikaituma kwenye kundi la WhatsApp la wanafunzi, na juu kushoto jina la mtoto lilikuwa linasomeka, la kwake na la baba yake. Mmoja wao alikuwa anatoka shehia ileile. Hakuna aliyenishitaki, lakini yule mama nilipokutana naye sokoni alinipa mkono wa baridi, na alikuwa na haki. Wapemba tunajuana. Mtoto wa kike anayeambiwa ana ugonjwa wa "sehemu za mkojo" atabeba maneno mpaka siku ya posa.

Jina hukaa mahali pawili. Mojawapo ni lile lililochapwa juu ya picha yenyewe, ambalo hufichwa kwa kuliziba kwa rangi au, bora zaidi, kwa kukata ukingo wote wa picha. La pili limejificha ndani ya faili. Mafaili ya DICOM, yaani muundo ambao mashine za hospitali huhifadhia picha, hubeba jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya hospitali na tarehe ya kipimo mahali ambapo jicho halioni mpaka uyafungue kwa programu inayoyasoma. Kuliziba jina usoni mwa picha na kuliacha ndani ni sawa na kufunga mlango ukaacha dirisha wazi. Kuna programu za bure za kufuta maelezo hayo. Zitumie, kisha fungua faili tena uhakikishe mwenyewe. Na kwetu sisi hata bila jina mtu hujulikana. "Msichana wa miaka 9 wa kijiji fulani, aliyepasuliwa mwaka jana" ni jina kamili. Andika umri na jinsia, kijiji kiache.

Ridhaa naiomba kabla ya kuwasha mashine, si baada ya kuona kitu cha kupendeza. Namwambia mzazi mambo matatu kwa Kiswahili chetu: picha ya matibabu utapata hata ukikataa, naomba nakala isiyo na jina kwa kufundishia, na kama kuna utafiti, huo una karatasi yake. Kufundisha na utafiti ni ruhusa mbili tofauti. Utafiti lazima upitie kamati ya maadili ya utafiti wa afya kabla hujakusanya hata picha moja, na ruhusa ya kufundishia haigeuzwi kuwa ya utafiti eti kwa kuwa picha zimeshakuwa nyingi. Mtoto naye muulize. Kuna wanaokubaliwa na mama zao, nao wamegeuzia uso ukutani. Hao nawapima kwa ajili ya matibabu tu.

Picha bila habari zake ni kivuli. Nina daftari la mistari, halafu jedwali kwenye kompyuta, vyote kwa namba ya siri. Karatasi inayounganisha namba na jina imefungiwa kabati jingine. Naandika umri, jinsia, amekuja na nini, mkojo umeonesha nini, amepewa dawa lini. Jibu la mkojo lisiandikwe "chanya" ukaishia hapo. Maabara huchuja mililita 10 za mkojo na kuhesabu mayai ya kichocho, na kuanzia mayai 50 maambukizi huitwa mazito. Idadi hiyo ikikaa kando ya picha, mtafiti anaweza kuuliza kama wenye mayai mengi ndio wenye kuta mbovu, na mwanafunzi atastaajabu kukuta mtoto mwenye mayai machache ana kibofu kilichochakaa.

Picha mpe mwenzako azisome bila kuona daftari wala majibu yako. Kisha msihesabu tu mlikubaliana mara ngapi. Chukulia picha 50: wote wawili mmesema nzima kwa 40, mmesema mbovu kwa 4, na mmepishana kwa 6, kila mmoja akiona ubovu kwenye tatu ambazo mwenzake ameziona nzima. Mmekubaliana kwa 44, asilimia 88, mnapongezana. Lakini kwa kuwa picha nyingi ni nzima, sehemu kubwa ya makubaliano hayo ingekuja yenyewe hata kwa kubahatisha. Kipimo cha kappa huiondoa bahati hiyo, na hapo kappa yenu ni kama 0.5 tu, mapatano ya wastani. Zile sita mlizopishana msizitupe. Kaeni nazo, muwekeeni msomaji wa tatu, halafu zipelekeni darasani, maana hakuna picha zinazofundisha kama hizo.

Darasani kwangu hakuna anayesema kwanza. Naweka picha tupu kwenye kioo, kila mmoja anaandika anachokiona kwenye kikaratasi, anakikunja. Halafu video, wanaandika tena. Mwisho nasoma habari za mgonjwa. Siku moja niliwawekea eksirei ya zamani ya mzee mvuvi, ukuta wa kibofu umeota chokaa kwa kichocho cha miaka mingi, duara jeupe katikati ya nyonga. Vikaratasi viwili vikasema: ujauzito, kichwa cha mtoto kimeshuka. Tulicheka mpaka machozi, lakini vitabu navyo hukifananisha kibofu cha namna hiyo na kichwa cha mtoto tumboni. Waliokosea siku ile hawatakisahau.

Limebaki la kurudia picha. Baada ya dawa, vidonda vingi vya kibofu cha mtoto hupungua ndani ya miezi kadhaa, kwa hiyo mimi humwita baada ya miezi sita. Usipange siku hiyo ianguke katikati ya msimu wa karafuu, utamsubiri peke yako, yuko juu ya mkarafuu au anachambua na bibi yake. Akija, fungua picha yake ya kwanza uangalie kina na mkato tu, uweke mashine vilevile, kibofu kijae kadiri ileile. Halafu ifunge. Pima upya kana kwamba hujawahi kumwona, na ya zamani usiirejee mpaka umeshaandika.