Namna ya Kuandaa Kikao cha Kumkumbuka John Mbiti Mombasa

John Samuel Mbiti, aliyezaliwa Kitui tarehe 30 Novemba 1931 na kufariki Uswisi Oktoba 2019, alikuwa kasisi wa Kianglikana aliyetetea, Makerere na kwingineko, kwamba dini za jadi za Waafrika ni dini kamili zinazostahili kusikilizwa. Anayetaka kumkumbuka Mombasa na aanze na maneno mawili aliyoyachukua katika Kiswahili chetu: Sasa na Zamani. Katika kitabu chake cha 1969 alieleza kwamba marehemu hubaki katika Sasa maadamu yupo aliyemjua anayemtaja kwa jina. Akishaondoka wa mwisho kumkumbuka, marehemu huzama katika Zamani. Kwa hiyo kutaja majina ndiko kuwe shughuli kuu ya siku.

Kikao kiwe Jumamosi, baada ya sala ya Alasiri, na kimalizike kabla ya Magharibi. Msikiite hitima wala ibada ya ukumbusho, kwani jina la kwanza litamtatiza Mkristo na la pili litamzuia Mwislamu; semeni kikao cha kumbukumbu, na dua kila mtu aombe kwake. Wazee wa Kimijikenda waalikwe wakiwa wasemaji, maana nimeona mara nyingi wakiletwa kupiga ngoma tu, kisha wasomi wakazungumza kwa niaba yao. Wala msiazime kigango cha Wagiriama kupamba ukumbi: nguzo hiyo husimikwa kwa ajili ya marehemu na haing'olewi, na vingi vimeibwa na kuuzwa ng'ambo.

Kila mgeni aje na jina moja la marehemu aliyemjua kwa sura. Katika kikao tulichofanya Mji wa Kale, bibi mmoja alimtaja mpika kaimati wa mtaani kwao, akapangusa ukingo wa kikombe cha kahawa kwa ncha ya leso, kisha akasema, "Nikifa mimi, hakuna amjuaye tena." Maelezo niliyokuwa nimeyaandika kuhusu Zamani sikuyasoma.

Tengeni muda wa kutosha wa kumpinga marehemu. Mbiti alidai, akitegemea zaidi Kikamba na Kikikuyu, kwamba fikra za jadi za Kiafrika hazina wakati ujao wa mbali, na mwanafalsafa Kwame Gyekye wa Ghana alimkosoa kwa ushahidi wa lugha ya Kiakan. Waulizeni waliohudhuria Kiswahili kinasemaje. Atatokea wa kuhesabu kesho, kesho kutwa, mtondo na mtondogoo, na mwingine atamjibu kwamba hizo ni siku chache tu, ilhali akhera, lenye kutaja wakati ujao wa mbali, ni neno la Kiarabu. Waacheni wabishane.

Majina yote yaandikwe katika daftari moja, yasomwe tena mwaka unaofuata, na daftari akabidhiwe aliye mdogo kuliko wote waliohudhuria.