Laptopu imechomekwa na haichaji: anzia ukutani, betri iwe ya mwisho

Juni ikifika Mbeya, wateja wangu wa Mwanjelwa huingia kibandani wamefunga zipu za makoti hadi kidevuni. Wanaweka laptopu mezani, na kabla sijawakaribisha hukumu imeshatoka: “Fundi, betri imekufa, nitafutie nyingine.” Huwa nawaambia wakae kwanza, maana betri nitaiuliza mwisho.

Sikuanza ufundi na utaratibu huo. Kuna mwalimu mmoja alipanda koasta kutoka Tukuyu akaniletea Dell yake. Ikiwa kwenye umeme inafanya kazi, ukichomoa inazima papo hapo, na chaji imeganda kwenye asilimia 7. Nikamuuzia betri mpya bila hata kuigeuza chaja nikaitazama. Wiki iliyofuata nikamwona tena mlangoni.

“Shikamoo mwalimu.”

“Marahaba. Hiyo betri yako haijaonja hata asilimia moja.”

Kosa lilikuwa kwenye kipini chembamba kama sindano kilichomo katikati ya mdomo wa chaja. Kilikuwa kimepinda, kimelala ubavuni. Nilimrudishia hela ya betri na nauli juu. Tangu siku hiyo naanzia ukutani naingia ndani taratibu, na ndivyo nitakavyokuelekeza hapa.

Unachohitaji ni tochi ya simu, kijiti cha meno, na jirani mwenye chaja inayofanana na yako. Ukiwa na mita ya kupimia umeme, vizuri zaidi.

Kabla hujagusa chochote

Weka laptopu juu ya meza iliyonyooka, kisha uinamie uitazame kwa ubavu. Kama inayumba kama kigoda kibovu, kama tachipadi imeinuka au haibonyezeki, kama mfuniko haufungi kama zamani, betri imevimba. Hapo hatua zote zilizobaki achana nazo. Zima, chomoa, usiichaji tena, na umpelekee fundi ikiwa imezimwa. Usiibonyeze ili irudi na usiitoboe kutoa hewa. Ile siyo hewa, ni gesi iliyotokana na kemikali za ndani kuharibika, na seli ya lithiamu ikitobolewa inaweza kulipuka moto hapo hapo mkononi.

Hatua ya 1: Ukuta na waya

Chomeka chaja ya simu kwenye tundu lilelile. Simu ikichaji, tundu ni zima. Kama unatumia ekstensheni, iruke, chomeka ukutani moja kwa moja.

Sasa waya. Ule waya unaotoka ukutani hadi kwenye boksi la chaja ni kitu kinachojitegemea. Unachomoka, na ndio unaokatika kwa urahisi kwa sababu tunaukunja kila siku. Azima wa jirani, hata kama chaja yake ni ya kampuni nyingine, mradi mdomo wa nyuma unaingia. Pia plagi zetu za pini tatu bapa zina fyuzi ndani. Fyuzi ikiungua chaja nzima huonekana imekufa, na watu hutupa chaja nzima kwa kitu cha bei ya peremende.

Kuhusu umeme wenyewe: chaja nyingi zimeandikwa volti 100 hadi 240, kwa hiyo umeme ukinywea jioni haziumii. Kinachoziua ni umeme unaorudi kwa kishindo. Ukikatika, chomoa. Ukirudi, subiri kama dakika tano ndipo uchomeke.

Hatua ya 2: Chaja

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo pesa za watu hupotelea.

Geuza boksi la chaja usome maandishi madogo, mstari wa “OUTPUT”. Utaona kitu kama 19.5V na 3.34A. Zidisha: 19.5 mara 3.34 ni kama wati 65. Ile ya 19.5V na 4.62A ni wati 90, na ile ya 2.31A ni wati 45. Lenovo nyingi ni 20V na 3.25A, nayo ni 65. Linganisha na kinachotakiwa na laptopu yako, ambacho huwa kimeandikwa chini ya mashine. Volti lazima zilingane. Ampea za chaja zikizidi haina neno, laptopu huchukua inazohitaji tu. Zikipungua, ndipo unapata ule ugonjwa wa mashine inayowaka lakini haijazi betri: umeme wote unaliwa na kazi unayofanya, betri inabaki kutazama. Jaribu kuizima kabisa uiache imechomekwa saa nzima. Ikipanda ikiwa imezimwa na kushuka ikiwa imewashwa, chaja haina nguvu ya kutosha.

Halafu kile kipini. Chaja za Dell zenye mdomo wa duara, na zile za HP zenye mdomo mdogo wa bluu, zina sehemu tatu: ukuta wa nje ni hasi, ukuta wa ndani ni chanya, na katikati kuna kipini kinachopeleka taarifa tu. Kupitia hicho laptopu inaiuliza chaja, “Wewe ni nani, una wati ngapi?” Isipopata jibu, Dell hukuandikia wakati wa kuwaka kwamba aina ya chaja haijulikani. Itafanya kazi, tena kwa kujikokota, lakini betri haitaijaza. Ndiyo maana chaja feki zinazotembezwa mkononi huwasha taa vizuri na bado asilimia haisogei.

Kukiona kipini kwa macho ni kazi. Mimi huenda dirishani, nawasha kamera ya simu, naivuta picha iwe kubwa. Kipini kizima kinasimama katikati kabisa, kama utambi kwenye mshumaa. Kikiwa kimeinama kidogo, kinyanyue kwa ncha ya kijiti cha meno, polepole, na chaja iwe imechomolewa ukutani. Kikiwa kimekatika, nunua chaja nyingine.

Mwenye mita: weka kwenye DC, yaani umeme wa mkondo mmoja, kipimo cha 200. Ukiweka kwenye 20, chaja ya volti 20 na ushee itakuonyesha “1” na utadhani mita imeharibika. Ncha nyeusi iguse ukuta wa nje, nyekundu iguse ukuta wa ndani. Angalia sana nyekundu isiunganishe ukuta wa ndani na kipini, kwani volti 19 zikipita kwenye njia ya taarifa zinaiunguza, na sasa utakuwa umejitengenezea tatizo ambalo hukuwa nalo. Chaja za Type-C usizipime hivi. Hazitoi umeme mpaka zizungumze na mashine kwanza. Na ile chaja ya simu ya kawaida ya volti 5, hata mdomo wake ukiingia vizuri, kwa laptopu nyingi ni bure.

Alama moja ninayoipenda kwa sababu haihitaji kifaa chochote: tazama taa ya chaja. Ikiwa inawaka, na ukiichomeka kwenye laptopu inazima, chaja inajilinda. Kuna shoti ndani ya laptopu. Usiendelee kujaribujaribu, nenda moja kwa moja hatua ya 8.

Hatua ya 3: Tundu la chaji

Mulika tochi ndani ya tundu. Vumbi la kiangazi na nyuzi za begi hujikusanya humo. Zitoe kwa kijiti cha mbao, laptopu ikiwa imezimwa na haina umeme. Usitumie sindano. Kwa wateja wangu wa Rungwe, ambako mvua haiishi, nakuta zaidi kutu ya kijani. Pamba kwenye kijiti, spiriti kidogo, sugua, acha ikauke kabisa.

Kisha chomeka chaja uitikise taratibu ukiitazama ile alama ya chaji kwenye skrini. Kama inakuja na kupotea, tundu limelegea. Kuweka chaja kwa pembe fulani na kuiegemeza kitabu hakutibu chochote. Kila cheche inayoruka hapo inaunguza pini, na mwisho utalipia tundu na bodi, yaani ubao mkuu wa saketi za laptopu, pamoja. Kwenye laptopu nyingi tundu lina waya wake na linabadilishwa kwa bisibisi tu. Kwenye nyingine limechomelewa kwenye bodi.

Kama una matundu mawili ya Type-C, jaribu yote. Mashine nyingine huchajia tundu moja tu, lile lenye alama ya radi au ya plagi.

Hatua ya 4: Baridi, na blanketi

Miongozo ya mtandaoni inayotoka kwenye miji ya joto huiruka hatua hii. Sisi Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na wenzetu wa Makete na Kitulo asubuhi za Juni na Julai huamka nyasi ni nyeupe kwa sakitu. Betri ya lithiamu ikichajiwa chini ya nyuzi 0, lithiamu hushindwa kuingia mahali pake, inagandia juu juu kama chuma, na betri inaharibika moja kwa moja. Watengenezaji wanalijua hilo, ndiyo maana ndani ya betri kuna kipima joto. Betri ikiwa ya baridi sana, laptopu huchaji kwa kusuasua au hukataa kabisa. Hiyo siyo hitilafu.

Kwa hiyo kama ililala kwenye gari, au imesafiri asubuhi nyuma ya bodaboda, iache chumbani saa moja au mbili ikiwa bado ndani ya begi, ili umande ujitengeneze kwenye begi na si kwenye bodi. Usiisogeze kwenye jiko la mkaa.

Upande wa pili wa baridi hiyohiyo: mtu anajifunika, anaweka laptopu juu ya blanketi, matundu ya hewa yanazibwa, betri inapita nyuzi 45 hivi, chaji inasimama. Iweke juu ya ubao au sinia.

Hatua ya 5: Kamua umeme uliobaki

Zima laptopu. Chomoa chaja. Betri ikiwa ni ya kutoka, itoe. Bonyeza kitufe cha kuwashia ukishikilie sekunde 30, kisha achia. Chomeka chaja peke yake uwashe. Ikiwaka, zima, rudisha betri, washa tena. Baadhi ya Lenovo zenye betri ya ndani zina kitundu kidogo chini, unabonyeza kwa ncha ya klipu ya karatasi. Hatua hii huonekana kama uganga, lakini kile kisaidizi cha ndani kinachosimamia chaji hukwama kama kompyuta yoyote, na hapa unakizima ili kianze upya.

Hatua ya 6: Je, imeamriwa isijaze?

Laptopu nyingi tunazouziana huku ni mtumba wa maofisini Ulaya. Huko zilikuwa zimechomekwa kutwa, na ziliwekewa kikomo ili betri isichoke. Ukiona chaji inasimama palepale kila siku, 60 au 80, usimlaumu mtu. Kwenye Lenovo fungua programu ya Vantage, zima “Conservation mode”. Kwenye Dell na HP mara nyingi mpangilio upo kwenye BIOS, ile menyu ya mashine inayofunguliwa kabla Windows haijawaka, sehemu ya betri. Kusema kweli, kama laptopu yako haiondoki mezani, kikomo cha 80 kiache hivyohivyo.

Hatua ya 7: Sasa iulize betri

Kwenye Windows, andika cmd kwenye sehemu ya kutafutia, fungua, kisha andika:

powercfg /batteryreport

Bonyeza Enter. Itakuonyesha faili la ripoti limehifadhiwa wapi. Lifungue kwa kivinjari. Tafuta namba mbili: “DESIGN CAPACITY”, yaani uwezo ilipotoka kiwandani, na “FULL CHARGE CAPACITY”, uwezo iliobaki nao leo. Mfano ya kwanza ni 48,000 na ya pili ni 21,600. Gawanya: imebaki asilimia 45. Betri hiyo inachaji, ila inajaa upesi na kuisha upesi. Chini ya nusu mimi hushauri kubadilisha. Kama ripoti haioni betri kabisa, waya wake umechomoka ndani, au saketi ya betri imekufa.

Hatua ya 8: Kununua, au kumwachia fundi

Ukinunua betri, nenda na ya zamani mkononi na ulinganishe namba ya modeli, siyo umbo. Iliyoandikwa 10.8V na 11.1V kwa kawaida hubadilishana, zote zina seli tatu mfululizo. Ya 14.8V usiiweke mahali pa 11.1V hata kama skrubu zinakubali. Kabla hujalipa, iwekwe, na uendeshe ile ripoti ukiwa umesimama pale pale dukani. Betri “mpya” yenye uwezo wa 30,000 kati ya 48,000 imeshatembea kwingine.

Na kama chaja ni nzima, tundu ni zima, ripoti inasema betri ina afya, na bado asilimia haipandi, au taa ya chaja inazima ukichomeka, tatizo lipo kwenye bodi, kwenye saketi ya chaji. Hapo anahitajika fundi mwenye mashine ya hewa ya moto na hadubini. Mweleze ulichokwishapima na ulichokiona. Akianza kukutajia bei ya betri kabla hajaomba kuiona chaja, chukua laptopu yako, mshukuru, uende kibanda cha pili.