Ziwa halina kipimo, hesabu nepi

Usiku wa pili baada ya kujifungua mtoto wangu wa kwanza, nililia kuliko yeye. Ananyonya, anasinzia dakika kumi, anaamka anadai tena. Nikijikamua napata matone mazito ya manjano yasiyojaza hata kijiko. Nikaamini sina maziwa. Leo nimeshanyonyesha watatu, na wengi wanaonipigia simu usiku wanasema maneno yaleyale.

Matone yale ni dang'a, maziwa ya kwanza ya mama, na uchache wake si kasoro. Siku ya kwanza mtoto hutosheka na kiasi cha kijiko cha chai kwa mara moja. Maziwa mengi hushuka kati ya siku ya pili na ya tano, na anayeyaita ni mtoto mwenyewe kwa kunyonya mara 8 hadi 12 kwa saa 24. Kwa hiyo mpe kila anapotafuta, usiku na mchana. Maji ya kumtuliza hayahitajiki. Yatamjaza tumbo bure, anyonye kidogo, na ziwa nalo litengeneze kidogo.

Ziwa halina mistari kama chupa, hivyo angalia kinachotoka. Nyuma ya kadi ya kliniki nilichora kijistari kwa kila mkojo na kiduara kwa kila choo. Kuanzia siku ya tano, nepi zilizolowa ziwe sita au zaidi kwa siku, na choo kiwe kimetoka kwenye weusi wa mwanzo, kikapita ukijani, kikawa cha manjano. Ukiona hivyo, maziwa yanaingia, hata kama mama mkwe anasema mtoto analia njaa. (Wangu alilia kila jioni, akinyonya mfululizo kama mwenye deni. Watoto wengi wana jioni za namna hiyo.)

Sasa chuchu. Hapa ndipo nilipoteseka: siku tisa za vidonda, nikimeza mate kila mtoto alipofungua kinywa, huku nikiambiwa nivumilie. Usivumilie. Maumivu yanayoendelea mara nyingi ni dalili kwamba mtoto ameshika chuchu peke yake. Mlaze tumbo lake likiwa limegusa lako, kichwa na mwili vimenyooka. Chuchu ielekee puani mwake, siyo mdomoni. Subiri apanue kinywa kama anayepiga miayo, ndipo umsogeze yeye kwenye ziwa. Usimwinamie, mgongo utakuua. Kidevu kizame kwenye ziwa, mdomo wa chini ugeuke nje, na sehemu nyeusi inayozunguka chuchu ionekane zaidi juu kuliko chini. Akishika vibaya usimvute: ingiza kidole safi kwenye pembe ya mdomo, aachie, uanze upya. Mimi nilianza upya hata mara nne kwa mnyonyo mmoja. Akimaliza tazama chuchu: ikitoka imebapa, imekatika mshazari, bado hajashika sawasawa.

Ziwa likijaa hadi likawa gumu, kamua kidogo tu lilegee ili mtoto aweze kushika, kisha weka kitambaa cha baridi baada ya kunyonyesha. Likiwa na eneo jekundu, la moto, na wewe una homa, nenda kituo cha afya, lakini usiache kunyonyesha. Maziwa hayo hayamdhuru.

Kwa mtoto, usingoje asubuhi akiwa mzito kuamka hata kunyonya, nepi zikikauka, macho au ngozi ikizidi kuwa ya njano, au joto likifika nyuzi 38. Kupungua uzito siku za mwanzo ni kawaida, ila ikikaribia asilimia 10 ya uzito wa kuzaliwa, mkunga atazame anavyonyonya.

Wengi hurudia uzito wao ndani ya wiki mbili hivi. Wa tatu alipourudia, kadi yake ilikuwa na vijistari hadi siku ya nane tu. Baada ya hapo nilikuwa nalala.