Kuondoa Ukungu kwenye Taa za Mbele za Gari

Tumezoea kuviita vioo vya taa, ingawa katika magari mengi ya miongo ya karibuni sehemu hiyo ni plastiki ngumu iitwayo polikaboneti. Plastiki hiyo haivumili jua ikiwa tupu, na ndiyo maana kiwandani hupakwa utando mwembamba wa kuikinga dhidi ya mikwaruzo na miale ya urujuanimno. Utando huo unapochakaa huwa wa manjano, hupasuka nyufa ndogondogo na kuanza kubanduka, na mwanga unaopaswa kufika barabarani hutawanyika hapohapo kwenye taa. Kwa hiyo kazi hii ina sehemu mbili: kuondoa utando uliokufa, na kuweka mwingine badala yake. Wengi huifanya ya kwanza kwa bidii na kuisahau ya pili, kisha baada ya miezi michache hushangaa manjano yamerudi.

Kabla ya kununua chochote, lowesha taa kwa maji na uitazame. Ikiwa inang'aa inapokuwa na maji na kurudia ukungu inapokauka, tatizo liko nje na unaweza kulitatua. Ikiwa unaona matone au unyevu upande wa ndani, msasa hautasaidia kitu. Hapo gundi ya taa imeachia, kuna ufa, au tundu la kupumulia limeziba, na hilo ndilo la kushughulikiwa kwanza.

Dawa ya meno, ambayo husifiwa sana, ni msasa laini tu: hung'arisha taa yenye ukungu mwepesi, lakini haiachi kinga yoyote. Dawa ya kufukuza mbu ni mbaya zaidi, kwa kuwa baadhi yake huyeyusha uso wa plastiki, na ikidondokea rangi ya gari huiharibu. Thina na asetoni zisikaribie taa kabisa.

Osha taa na sehemu inayoizunguka kwa maji na sabuni, uikaushe, kisha fungua boneti na ubandike tepu ya karatasi, tabaka mbili, kwenye kingo zote za rangi zinazopakana na taa. Usione uvivu hapa, kwa sababu msasa ukiteleza mara moja tu juu ya bampa utakuwa umejiongezea kazi nyingine iliyo ghali kuliko ya taa.

Tumia msasa wa maji, ukianza na namba 600 (au 400 iwapo utando unabanduka vibaya), kisha 1000, kisha 2000. Kadiri namba inavyopanda ndivyo msasa unavyokuwa laini. Loweka karatasi kwanza, na weka tone la sabuni kwenye ndoo ili isikwame. Msasa wa kwanza ndio wenye kazi kubwa kuliko yote. Maji yatakayochuruzika yatakuwa ya manjano na mazito kama uji mwepesi. Endelea hadi yawe meupe. Futa, acha pakauke, kisha kagua kwa kuinamisha kichwa: ukiona mabaka yenye kingo zinazong'aa, kama ramani ya visiwa, huo ni utando wa zamani uliosalia, na ukiuacha utaonekana chini ya kinga mpya. Kwa wakati huu taa itakuwa nyeupe kama imepakwa chokaa, mbaya kuliko ulivyoikuta. Usishtuke, inapaswa kuwa hivyo.

Kila unapobadilisha namba, suuza taa, badilisha maji, na ugeuze mwelekeo: kama ulisugua kwa mlalo, sasa sugua kwa wima, ili uone kama mikwaruzo ya awali imekwisha. Niliwahi kuruka kutoka 600 hadi 2000 kwa haraka zangu. Mchana taa ilionekana safi, lakini usiku ilipowashwa mistari yote ilijitokeza kama utando wa buibui.

Baada ya hapo njia hugawanyika kulingana na kinga uliyochagua, hivyo chagua mapema. Ukitumia nta au kinga ya kupaka kwa kitambaa, ongeza msasa wa 3000, kisha ng'arisha kwa kompaundi (krimu ya kung'arishia) kwa mkono au kwa sponji ya drili inayozunguka polepole, bila kuganda mahali pamoja, maana joto huivuruga plastiki. Nta haidumu, na itabidi uirudie mara kwa mara. Inayodumu zaidi ni vanishi angavu ya magari yenye kinga ya jua, hasa ile inayochanganywa na kigumisho. Hiyo huhitaji uso wenye mikwaruzo myembamba ili ishike, kwa hiyo usiing'arishe taa kwa kompaundi kabla. Vanishi yenyewe itaijaza mikwaruzo. Fuata namba ya msasa iliyoandikwa kwenye kopo, futa taa kwa spiriti, subiri ikauke, kisha puliza tabaka mbili nyembamba mahali pasipo na vumbi wala jua kali. Moshi wa vanishi yenye kigumisho una isosianeti, ambayo hudhuru mapafu. Barakoa ya kitambaa haitoshi, vaa ile yenye vichujio vya kemikali na ufanyie kazi mahali penye hewa.

Ondoa tepu kabla vanishi haijakauka kabisa, la sivyo itang'oka na ukingo wake. Siku chache za mwanzo usiipitishe gari kwenye mashine ya kuoshea.

Usiku, simamisha gari mbele ya ukuta na uwashe taa. Ikiwa plastiki ni angavu lakini mwanga bado ni hafifu, na umeshabadilisha balbu, chungulia ndani: huenda kioo cha kuakisia kimebabuka, na hapo inabidi kubadilisha taa nzima.