Kabla Hujaanza Kutibu Madoa Meusi Yaliyobaki Baada ya Leza

Ulitaka ngozi nyororo. Wiki kadhaa baada ya leza, au baada ya kuchubuliwa uso kwa asidi, unaona mabaka ya kahawia palepale ulipotibiwa. Usikimbilie krimu kali. Jiulize kwanza kama jeraha lenyewe limekwisha.

Doa hilo ni melanini, rangi ambayo ngozi huitoa kwa wingi ikiungua au kuvimba. Wenye ngozi nyeusi hupatwa zaidi, maana chembe zao za rangi ni nyepesi kuamka. Uvimbe ukiwa bado upo, asidi utakayopaka inaweza kuchochea rangi zaidi. Tatizo ni kwamba kwenye ngozi nyeusi wekundu haujionyeshi waziwazi. Weka mgongo wa mkono juu ya baka, kisha juu ya sehemu ambayo haikutibiwa. Baka likiwa na joto zaidi, likiwasha au likiuma ukiligusa, bado mapema. Magamba yaache yadondoke yenyewe, usiyabandue. Ukiona usaha au malengelenge, rudi kwa daktari siku hiyohiyo. Na doa linalobadilika umbo au kutoka damu lichunguzwe kabla ya kupakwa chochote.

Piga picha. Simama karibu na dirisha, taa zimezimwa, uso hauna vipodozi, upige mbele na pande zote mbili. Rudia kila baada ya wiki nne, mahali palepale. Angalia pia rangi ya doa: kahawia kwa kawaida ina maana melanini iko juu juu, na inaweza kufifia ndani ya miezi. Ikiwa kijivu au ya bluu-bluu, imezama chini, krimu haziifikii vizuri, na huenda ukasubiri miaka.

Kisha sanskrini, yaani krimu ya kukinga ngozi na jua, na hapa sina mzaha: asiyekuwa tayari kuipaka kila siku asitumie pesa kununua dawa. Chagua yenye SPF (kipimo cha kinga ya jua) 30 au zaidi, ikiwezekana yenye rangi, kwa sababu oksidi ya chuma iliyomo huzuia hata ule mwanga wa kawaida unaoonekana, nao huamsha rangi kwenye ngozi nyeusi. Kipimo cha uso na shingo ni mistari miwili, urefu wa kidole cha shahada na cha kati. Ukiwa nje, rudia kila saa mbili.

Unapokwenda kwa daktari wa ngozi, mpelekee tarehe ya matibabu, aina ya mashine au asidi iliyotumika, na majina ya dawa unazomeza. Antibiotiki ya doksisaiklini, kwa mfano, huifanya ngozi iungue upesi juani. Mwambie kama una mimba au unapanga kupata. Tretinoini na haidrokwinoni, dawa za kupaka za kufifisha madoa, huepukwa wakati huo, ila asidi ya azelaiki kwa kawaida inakubalika. Haidrokwinoni inasaidia kweli, lakini kwa miezi michache na chini ya uangalizi. Ikizidishwa, yaweza kuleta okronosisi, weusi wa bluu ambao ni mgumu kuliko doa ulilotaka kuliondoa.

Mkorogo usiusogelee kabisa. Kopo lisilo na orodha ya viambato linaweza kuwa na steroidi kali au zebaki, na zebaki hudhuru figo.

Dawa uliyopewa ijaribu chini ya taya kwa siku tatu kabla ya kupaka uso mzima, moja kwa wakati mmoja. Vinginevyo ikikuchoma hutajua ni ipi. Mabadiliko ya kuonekana huchukua wiki nane hadi kumi na mbili.

Wengine watakushauri leza nyingine iondoe madoa ya ile ya kwanza. Inawezekana, lakini iwe ya mwisho kufikiriwa. Muulize mtaalamu ametibu ngozi ngapi zenye rangi kama yako, na aanze na kipande kidogo karibu na sikio, halafu msubiri wiki kadhaa mwone kimekuwaje.